Senje na Mchezo wa Mvua ya Mawe

Mchungaji mmoja aliwahi kutozwa maharagwe matatu nyumbani kwa Senje kwa kosa la kukohoa. Alikuwa amekuja kumjulia hali, mvua ikamkuta, akaingizwa mchezoni kama mtu yeyote anayekutwa na mvua katika nyumba ile. Senje alikuwa ameshika dadu, anawaza arushe tena au asirushe, na mchungaji akakohoa. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Kilikuwa kile kikohozi cha mtu mzima anayetaka kukuambia jambo bila kuonekana amesema. Senje hakugeuka hata kumtazama. Alinyoosha kiganja.

"Pastor, lipa maharagwe tatu. Na kama kifua inakusumbuanga, kuna tangawizi huko jikoni."

Mchungaji alilipa. Sisi wengine tuliinamisha vichwa tukijifanya tunapanga maharagwe yetu.

Senje ni dada ya baba yangu. Kwetu Shinyalu ndivyo tunavyomwita shangazi, na mimi sijawahi kumwita kwa jina jingine. Jina lake la ubatizo nimeliandika kwenye fomu mara nyingi, lakini kinywani mwangu halijapita. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili upande wa chini wa boma letu, pale chai inapoishia na msitu kuanza. Kwa miaka mitatu kaka yangu mkubwa, anayekaa Nakuru, alitaka kumwondoa pale. Si kwa ubaya. Ana nyumba kubwa, ana chumba kitupu, na kila akilala anawaza mwanamke mzee peke yake na moto wa kuni. "Siku nikisikia ameshindwa kujipikia," aliniambia, "naleta gari." Senje naye alisema atatoka katika nyumba ile mara moja tu, na siku hiyo atakuwa amebebwa. Kwa hiyo nikieleza mchezo wake, naeleza pia habari za nyumba hiyo, maana mwishowe vyote viwili viligusana.

Mchezo unaitwa Mvua ya Mawe, na mtu wa upande huu haulizi kwa nini. Kwetu mvua huja alasiri, na siku nyingine huja na mawe. Saa nane una chai nzuri, majani laini yanayongoja kuchumwa kesho, na saa tisa unabaki na vijiti. Unahitaji dadu mbili, ungo wa kurushia, na bakuli la maharagwe makavu katikati. Kila mchezaji anakuwa na sahani na mkebe. Sahani ni shamba lako, mkebe ni ghala. Zamu yako ikifika unarusha dadu zote mbili kwenye ungo, unajumlisha, unachukua maharagwe idadi hiyo kutoka bakulini na kuyaweka shambani. Kisha unaamua. Ukisema "nimevuna" unamimina ya shambani ghalani na kumpisha mwenzako. Usipotaka kuvuna unarusha tena, unaongeza, na tena, na tena, hakuna wa kukuzuia. Lakini dadu yoyote ikionyesha moja, mawe yameanguka. Kila kilicho shambani kinarudi bakulini na zamu yako imekwisha. Zikionyesha moja zote mbili, mawe yametoboa paa la ghala, na mkebe wako wote unamwagwa. Wa kwanza kujaza mkebe hadi alama iliyokwaruzwa kwa msumari ndiye mshindi.

Hapo utaona mchezo wote uko katika swali moja: nisimame au niendelee? Mtoto wa miaka sita anaweza kuucheza, na nimeona mhandisi wa barabara akitokwa na jasho.

Sheria nyingine ni za Senje mwenyewe. Mshindi ndiye anayepika chai na kuwamiminia wengine, kwa sababu, alivyosema, mwenye mavuno ndiye mwenye kitu cha kugawa. Aliyeshindwa anakaa tu, anapewa kikombe cha kwanza. Wageni hudhani anatania. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naomba nishindwe ili nisiende jikoni, na Senje aliligundua hilo mapema sana. Akaongeza sheria kwamba anayecheza ili ashindwe anapika chai na kuosha vyombo.

Na sheria kubwa, ile iliyomnasa mchungaji: dadu zikiwa mkononi mwa mtu, wengine wote wanyamaze. Usimwambie asimame, usimwambie aendelee, usigune, usicheke, usimkanyage mguu chini ya meza. Ukivunja, maharagwe matatu. "Dadu iko kwa mkono ya mtu," alikuwa akisema, "wewe mdomo yako inatafuta nini huko?"

Dadu zenyewe zilitoka Isecheno. Senje alipika miaka mingi katika nyumba ya wageni huko kwenye kituo cha msitu, na wageni wengi walikuwa watu wa utafiti, wanaoamka alfajiri kuhesabu kima na kurudi na matope hadi magotini. Siku za mvua waliketi barazani wakirusha dadu na kuandika hesabu kwenye karatasi. Senje alitazama akiwa na sinia mkononi, akapenda, ila hakupenda karatasi. Alisema mtu hawezi kusikia uchungu wa kupoteza nambari. Maharagwe unayashika, unayaona yakirudi bakulini. Akamwomba mwenzake wa kazi, mtembezaji wa wageni, amchongee dadu mbili kutoka kwenye tawi lililoanguka. Yule mzee alizichonga, kisha akazitoboa vidoa kwa ncha ya msumari wa moto. Zilikuwa nyeusi kidogo, nzito kidogo, na pembe moja ilikuwa imeliwa. Alizihifadhi ndani ya soksi ya mtoto iliyoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuna aliyezigusa bila ruhusa.

Kama ungemwona akicheza ungedhani ni mtu wa kuthubutu kila kitu. Alirusha mara nne, mara tano, sahani imejaa hadi maharagwe yanateleza, na sura yake haibadiliki. Mawe yakianguka alicheka, akasema "twende," akasukuma dadu kwa jirani. Nje ya mchezo alikuwa mwoga wa kila jambo. Mlango una kufuli mbili. Kuni zake zilikuwa za misimu mitatu. Alibeba mwavuli Januari, jua linawaka mpaka mbuzi wanatafuta kivuli, na ukimuuliza anakwambia hujui Kakamega. Maziwa aliyachemsha mara mbili. Boda boda alipanda tu akiwa amemuuliza kijana jina la mama yake, na safari nzima alikuwa akimkumbusha jina hilo.

Hata hivyo mwanamke huyo huyo aliondoka katika ndoa yake kule Malava asubuhi moja, na kikapu kimoja, bila kumuaga mtu. Hakuna aliyewahi kuambiwa sababu. Akina mama wa kanisani walijaribu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alirudi na mayai mawili na habari za hali ya hewa. Niliwahi kumuuliza nikiwa msichana mkubwa. Alikuwa anachambua mboga. Alisema, "Nilivuna," akaendelea kuchambua. Sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Alikuwa na ukaidi wake pia, nisimpake asali. Kuku alichinja siku ya mgeni kuondoka, si siku ya kufika. Ukifika unapewa obusuma, ugali wetu, na mboga hata kama umetoka Nairobi na umevaa suti. "Ukikuja sijui umekuja na nini," alisema. "Ukienda, hapo sasa nimekujua." Wapo jamaa waliokuja, wakakaa siku tatu, wakaondoka bila kuona ingokho, yaani kuku, na wakaelewa. Na alikuwa na kisasi cha polepole. Kaka yangu alipokuwa kijana aliweka shilingi kwenye ungo, akisema mchezo wa maharagwe ni wa watoto. Senje alichukua ile shilingi kwa vidole viwili akaitupa nje kwenye mvua, akauondoa ungo, na mwezi mzima hakukuwa na mchezo kwa mtu yeyote. Tulimchukia kaka yetu mwezi ule kwa moyo wote.

Kanisani kulikuwa na waliosema dadu ni kamari hata ukichezea maharagwe. Senje hakubishana. Aliwaalika. Walikuja wawili, mzee wa kanisa na mkewe, wakae kidogo tu waone. Mke alishinda, akapika chai, akammiminia mume wake aliyekuwa ameshindwa vibaya, na mume akapewa kikombe cha kwanza. Nilikuwepo. Walikaa mpaka mvua ikaisha, na mvua ilipoisha wakakaa bado.

Sasa niseme jambo ambalo lilinikasirisha kwa miaka. Nilipomaliza shule, kulikuwa na mwanamume aliyetaka kunioa mara moja, na kulikuwa na nafasi ya chuo cha ualimu. Nilikwenda kwa Senje. Kwetu binti huenda kwa senje wake kwa mambo kama hayo, ndiyo kazi ya senje. Nilimweleza yote, nikalia kidogo ili aone uzito. Alinipa chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dadu iko kwa mkono yako, mwana wanje." Mwanangu, basi. Hakuna zaidi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura, nikisema mwanamke huyu ana jiwe kifuani. Nilichagua chuo. Leo nikifundisha watoto wangu darasani mjini Kakamega namshukuru kwamba chaguo lile lilikuwa langu, hata siku mbaya sina mtu wa kumlaumu. Lakini ilinichukua zaidi ya miaka kumi kufika kwenye shukrani hiyo.

Kuna upande mwingine. Baba yangu, kaka yake, alianza kukonda. Sote tuliona. Alikaza mkanda akatoboa tundu jipya, kisha tundu lingine. Senje aliona kabla yetu, kwa sababu alikuwa akimpelekea uji kila asubuhi na kurudi na bakuli nusu. Baba alikuwa mtu wa kujiamulia, na Senje alimwachia dadu zake. Alipokubali kwenda hospitali walituambia tumechelewa. Baada ya mazishi mchezo haukuchezwa karibu mwaka. Soksi ilikaa kwenye msumari na hakuna aliyeuliza.

Miaka mitatu iliyopita kaka yangu alimnunulia simu ya kuonana uso kwa uso. Kila akimpigia, Senje aliipokea na kuiweka sikioni. Kaka yangu huko Nakuru akawa anaona sikio tu, na kipuli, na nywele nyeupe. "Senje, nionyeshe uso!" alikuwa akipiga kelele. "Uso wa nini, si unanisikianga?" Tulicheka sana. Tuliisimulia kwenye harusi. Tulisema watu wa zamani na simu, wapi na wapi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama mwanamke aliyesoma Biblia yake ya herufi ndogo miaka yote angeshindwa kujua sikio na uso.

Mimi kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Nilimletea dadu mpya. Nilizinunua duka kubwa mjini, za plastiki, nyeupe, laini, zenye vidoa vyekundu vilivyochapwa vizuri. Zile za zamani zilikuwa zimechakaa, na nilidhani namheshimu. Alizipokea kwa mikono miwili, akazigeuza geuza, akazipitisha kidole gumba, akazirudisha kwenye mfuko wake wa nailoni. "Hizi hazina kitu," alisema. Nikaudhika. Kwa mwaka mzima nikawa nasimulia katika chumba cha walimu habari za shangazi yangu mkaidi ambaye hata dadu mpya hataki, na walimu wenzangu wakawa wananiuliza kila Jumatatu, "Ehe, Senje amekataa nini tena?"

Kisha nilianza kuona vidole vyake. Zamani alirusha na kutaja jumla dadu hazijatulia. Sasa alirusha, akaweka kiganja juu ya ungo kama anayezituliza, vidole vikapita juu ya dadu moja, kisha nyingine, ndipo akataja. Na alitaja sawasawa kila mara. Alitaja "mawe" dhidi yake mwenyewe kabla mimi sijaona. Nilijiambia ni mazoea ya uzee. Siku moja dadu iliruka kutoka kwenye ungo ikaanguka karibu na kiatu chake, peupe kabisa, mlango uko wazi na mwanga unaingia. Senje aliinama akapapasa sakafu upande wa pili. Nilinyanyua ile dadu nikamwekea mkononi bila kusema.

Ningeweza kuuliza hapo. Badala yake nilifanya kitu ambacho bado nakionea aibu. Jumamosi moja ya Agosti nilikuja na zile dadu za plastiki mfukoni, na zamu yake ilipofika nikazibadilisha. Alizishika, akasita. Akarusha. Akaweka kiganja juu ya ungo, vidole vikapita, vikapita tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilizitazama dadu pale wazi chini ya vidole vyake: moja na nne.

"Nane," alisema Senje.

Mtu huyu alikuwa hajawahi kudanganya kwa harage moja. Nilijua na yeye alijua kwamba hajui. Nikasema, "Ndiyo, nane," nikahesabu maharagwe manane nikayaweka kwenye sahani yake. Alisema amevuna, akayamimina ghalani, na mchezo ukaendelea. Alishinda siku ile. Alikwenda jikoni kupika chai, na nilisikia akitafuta kiberiti kwa muda mrefu.

Sikumwambia kaka yangu. Nilijua nikifungua mdomo gari litakuja, na nyumba ile itafungwa, na Senje atakaa kwenye kochi Nakuru akisikiliza magari ya watu wengine. Nilijiambia natii sheria yake. Dadu ziko mkononi mwake. Kila Jumamosi nilikuja, nikacheza, nikanyamaza, na kila Jumamosi nikirudi mjini nilikuwa nawaza moto.

Mwishoni mwa Novemba kaka yangu alipiga simu. Anakuja Jumapili na gari, amekwisha kununua godoro. Jirani mmoja alikuwa amemwambia kwamba Senje ameungua. Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa Senje kabla umande haujakauka. Alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa kimefungwa kwenye kifundo cha mkono.

"Umeungua?"

"Sufuria ilinigusa."

"Sufuria ndiyo ilikugusa?"

"Ndiyo. Mimi nilikuwa nimetulia."

Sikucheka, na aliona kwamba sikucheka, nikiruhusiwa kutumia neno hilo. Tulikaa tukichambua mboga. Nilimwambia Senje kwamba kaka yangu anakuja kesho, akasema amesikia. Mvua ilipoanza saa tisa aliniambia nilete soksi na ungo. Nilitaka kukataa, lakini nilileta.

Alikuwa na zamu nzuri. Alirusha, akapapasa, akataja tisa. Akarusha tena, kumi. Tena, saba. Tena. Maharagwe yalikuwa yanajaa sahani, na kila mara vidole vyake vilipita polepole juu ya vile vidoa vilivyochomwa kwa msumari. Kitambaa kilikuwa kimelegea na nikaona lengelenge chini yake, jeupe, kubwa kama kiganja cha mtoto. Alikuwa ameshika dadu tena, anawaza. Nikaona sitaweza kunyamaza tena.

"Simama, Senje."

"Umesema nini?"

"Nimesema simama. Huoni. Sufuria hukuiona. Nimejua tangu Agosti na nimenyamaza, na kesho anakuja na godoro."

Kisha akanyoosha kiganja. "Kwanza lipa maharagwe tatu."

Nililipa. Moja liliniponyoka, nikaliokota.

"Ile siku uliniwekea dadu yako ya plastiki," alisema. "Ilikuwa ngapi?"

"Ulijua ni za plastiki?"

"Macho ndio imekufa, si mkono. Nakuuliza ilikuwa ngapi."

"Moja na nne."

"Mawe."

"Mawe, Senje."

"Na ukanipa maharagwe." Aliuvuta mkebe wake, akahesabu kwa kidole maharagwe manane, moja moja, akayarudisha bakulini. "Nilingojea uniambie. Nikasema, huyu ataniambia leo. Jumamosi ikaisha. Nikasema, ataniambia ile ingine. Unajua nilikasirika? Nikasema, huyu mtoto ananiangalia nikianguka na anashikanga mdomo."

"Si ni wewe uliyetufundisha?"

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyotaka. Mvua ilikuwa imepungua, na nilisikia kila neno langu.

"Ni mimi," alisema. Aliweka dadu chini. "Hiyo sheria ni ya ungo. Mimi niliitoa kwa ungo nikaenda nayo kila mahali, kwa sababu watu waliongea sana juu yangu wakati nilitoka Malava. Kila mtu, kila siku. Nikasema mimi sitaongelea mtu. Na baba yako nikamnyamazia. Nilikuwa naona ile bakuli ya uji, mwana wanje. Kila asubuhi nilikuwa naiona, na nikasema dadu ni yake." Alipangusa uso kwa kitambaa cha mkono ulioungua. "Ningemwambia 'simama' mara moja tu. Angenikasirikia. Si angekuwa hapa akinikasirikia?"

Tulilia wote wawili, na sioni haya kuliandika.

Nilimweleza kwamba huenda ni mtoto wa jicho, kwamba kuna hospitali ya macho safari ya saa moja tu kutoka kwetu, kwamba wanautoa utando wake na mtu analala siku moja. Alijua. Alikuwa amesikia redioni. Alichoogopa hakikuwa kisu.

"Nikienda, kaka yako atajua sioni. Akijua, nyumba imekwisha."

"Kesho nitamwambia mimi mwenyewe."

"Na wakishindwa?"

Nilitaka kumwambia hawatashindwa. "Sijui," nikasema.

"Hiyo nayo ndiyo naamini," alisema, akainuka kutafuta mlango wa jikoni.

Kaka yangu alifika Jumapili na godoro juu ya gari. Nilimwambia yote, pamoja na Agosti, akanifokea uani mpaka majirani wakatoka. Alikuwa na haki. Alipomaliza aliingia ndani, akaketi mbele ya Senje, na wakakubaliana kama watu wazima: wanampeleka hospitali, akiona anabaki nyumbani kwake, asipoona anakwenda Nakuru bila kelele. Senje alirudia masharti hayo kwa sauti mara mbili. Jumatatu alifunga kufuli zake zote mbili mwenyewe, akitafuta tundu kwa ncha ya kidole, akautia ufunguo kifuani na kupanda gari.

Walimpasua jicho la kulia kwanza, wakautoa ule utando. Usiku ule kaka yangu na mimi tulilala hospitalini. Asubuhi muuguzi alituruhusu tuingie, akamketisha Senje karibu na dirisha, akabandua bandeji polepole. Senje alifumba, akafumbua, machozi yakamtoka. Muuguzi alinyanyua mkono. "Mama, hivi ni vidole vingapi?"

Senje aliusogeza ule mkono pembeni kama unaomzibia. Aliangalia dirisha. Aliangalia saa ukutani, akasema ni saa mbili na dakika kumi, na kweli ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Kaka yangu aliketi kitandani kwa ghafla, akaweka uso mikononi. Senje alimwangalia, akamwambia amenenepa. Kisha akanigeukia mimi na kuniita kwa kidole, nikasogea, nikainama.

Aliniangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia kitu chochote mle ndani. Akanyoosha mkono, akagusa nywele zangu juu ya sikio, zile zilizobadilika rangi katika miaka hiyo mitatu.

"Kumbe umezeeka hivi," alisema, "na hakuna mtu ameniambia."